Wacheni Kuflashi Kadi, Angalieni Chaja

Wiki hii nimefuta video yangu moja. Ndiyo ilikuwa inatazamwa kuliko zote kwenye chaneli, ile ya "Raspberry Pi haioni mtandao? Flashi kadi upya, dakika kumi umemaliza." Nimeifuta kwa sababu ilikuwa uongo, na uongo huo umemgharimu mtu ambaye hakunikosea chochote.

Ni mwalimu wa sekondari moja kule Kitui. Alikuwa ameweka Raspberry Pi 3 kwenye maktaba ya shule, na modemu ya USB yenye laini ya simu. Wanafunzi wanaingia kwa Wi-Fi ya ile bodi, wanasoma, na wale wa Kidato cha Nne wanaandika insha zao humo ili yeye azisahihishe usiku. Kitu safi kabisa, kompyuta moja ndogo inahudumia darasa zima.

Halafu modemu ikaanza vituko. Leo iko, kesho haiko. Asubuhi inafanya kazi, saa nne bodi inasema hakuna modemu yoyote imechomekwa, na modemu yenyewe iko hapo unaiona kwa macho. Mwalimu akatafuta msaada, akakutana na mimi.

Akabeba bodi mpaka mjini kwa binamu yake mwenye laptopu, akaflashi kadi, akajaribu hapo hapo mezani. Ikashika! Akarudi shuleni na furaha yake. Siku ya tatu modemu ikapotea tena, na sasa insha za mihula miwili hazikuwepo. Ukiflashi kadi, kila kitu kilichokuwa ndani kinafutika. Hilo kwenye video nililitaja kwa sekunde tatu, mwishoni. Mwalimu mkuu akaona kifaa ni takataka, kikafungiwa stoo.

Ujumbe wake haukuwa na matusi. Aliandika: "Kijana wangu, nilifuata vile ulisema. Nilikosea wapi?"

Hakukosea, mimi ndiye nilikosea. Na sisi wote tunaotengeneza hizi video za "suluhisho la haraka" tunakosea kila siku, na tunalipwa kwa kukosea.

Ngoja niseme kwa nini. Shida inayokuja na kuondoka yenyewe ni kama homa ya vipindi. Mganga akikupa majani siku ambayo homa ingeshuka tu, majani yanapata sifa. Mwingine atakupa maji ya chumvi, naye atasifiwa. Modemu inayopotea kila baada ya siku mbili itarudi ukiflashi kadi, itarudi ukibadilisha tundu la USB, itarudi hata ukiipuliza. Chochote ulichofanya mwisho ndicho kinaitwa dawa. Nenda kasome zile komenti za "asante bro, imeshika!" Hakuna anayerudi baada ya wiki kusema imekataa tena. Anarudi kimya kimya kutafuta video nyingine.

Nilimwomba mwalimu anipigie picha ya kila kitu, kuanzia ukutani mpaka kwa bodi. Ilinichukua sekunde tano kuona. Chaja ya simu ya zamani, imeandikwa ampea 1, na waya mwembamba wa mita 2 uliovutwa ili ufike kwa soketi. Raspberry Pi 3 inapendekezwa ipewe volti 5.1 na ampea 2.5. Hiyo 0.1 ya juu iliwekwa makusudi, kwa sababu waya hula volti njiani. Waya mwembamba wa urefu ule unaweza kumeza nusu volti au zaidi ampea 1 ikipita. Sasa piga hesabu: chaja inatoa volti 5, waya unakula nusu, bodi inapata 4.5. Raspberry Pi huanza kulia njaa ikishuka chini ya 4.63 hivi.

Na kwa nini ilishika mjini ikakataa shuleni? Modemu ikiwa mbali na mlingoti wa simu inabidi itume kwa nguvu zaidi ili isikike. Ikituma kwa nguvu inavuta umeme zaidi, na inauvuta kwa mikupuo. Mjini mtandao uko karibu, halafu binamu alitumia waya mfupi. Kule shuleni modemu inapaza sauti kwa mlingoti ulio mbali, inavuta, volti zinadondoka, modemu inajizima, bodi inasema hakuna kitu. Baadaye volti zinapanda na modemu inarudi. Kadi haikuhusika popote.

Na msidhani ni modemu peke yake. Kwenye Raspberry Pi 3 na zilizotangulia zenye tundu la mtandao, hata waya wa mtandao unapitia USB ndani ya bodi. USB ikiyumba, tundu la waya nalo linaweza kupotea. Kuanzia Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019 ndipo mtandao wa waya ulipata njia yake. Hata Raspberry Pi 5 ina masharti: ukiipa chaja ya ampea 3 badala ya 5, yenyewe inapunguza umeme wa matundu yote ya USB mpaka miliampea 600 kwa jumla. Kisha mtu anachomeka modemu na diski pamoja, anaanza kulaani bodi.

Sasa niguse kile kinachoniuma zaidi: "izime uiwashe." Wasee, hiyo ndiyo ushauri mbaya kuliko wote kwa shida ya aina hii. Bodi inaweka rekodi. Tangu iwake, inakumbuka kama iliwahi kukosa umeme. Ukiizima, umefuta ushahidi. Ni kama kupiga deki nyumba iliyovunjwa halafu ndiyo unaita polisi.

Shida ikitokea, usiguse kitu. Andika kwanza:

vcgencmd get_throttled

Ikijibu 0x0, umeme ulikuwa sawa tangu bodi iwake, tafuta kwingine. Ikijibu 0x50000, bodi iliwahi kukosa umeme ikapunguza kasi, hata kama saa hii iko sawa. Ikijibu 0x50005, inakosa umeme sasa hivi unapoiangalia. Halafu andika dmesg usome mistari ya mwisho. Ukiona inasema umeme umeshuka, na karibu yake inasema kifaa cha USB kimekatika, umeshamshika mwizi akiwa na mbuzi mkononi. Ile alama ya radi kwenye kona ya skrini nayo husaidia, lakini bodi nyingi zimekaa kwenye kabati bila skrini, kwa hivyo inalia peke yake gizani.

Mwalimu alitoa bodi stoo, akaiwasha na modemu yake pale pale maktaba, akasubiri ipotee, akaandika ile amri. Jibu: 0x50005.

Najua mtaniambia si kila kitu ni chaja. Kweli kabisa. Ziko modemu ambazo zikichomekwa hujitambulisha kwanza kama sidii yenye programu za Windows, na zinahitaji usb_modeswitch izigeuze ziwe modemu. Ikichelewa au ikikosea, unaona diski badala ya mtandao. Wako waliochomeka kidude cha pili cha Wi-Fi, na kila bodi ikiwaka majina wlan0 na wlan1 yanabadilishana, mipangilio inaenda kwa kifaa kisicho chake. Ziko diski za USB 3 zinazochafua mawimbi ya 2.4 GHz, Wi-Fi ikazorota ukiziweka karibu. Na ndiyo, kadi nazo hufa. Lakini angalieni: kila moja ya hizo ina dalili yake unayoweza kuisoma kabla ya kufuta chochote. lsusb itakuambia kama kifaa kinaonekana na kinajiita nani. Kama kifaa kinaonekana lakini hakina mtandao, hiyo ni shida ya programu au jina. Kama hakionekani kabisa, anza na umeme na waya. Ni maswali mawili tu. Video yangu haikuuliza hata moja.

Kuna wale wanasema chaja nzuri ni ghali. Ghali kuliko nini? Kuliko bodi ya pili uliyonunua ukidhani ya kwanza imekufa? Kuliko modemu ya tatu? Nafuu kabisa ya kuanzia ni waya mfupi na mnene. Kama modemu bado inavuta sana, ichomeke kwenye habu ya USB yenye chaja yake yenyewe, bodi ipumue. Na usiamini maandishi ya "3A" kwenye chaja ya barabarani. Kuandika ni bure. Pima, au iulize bodi ile namba.

Kwa wenzangu wenye chaneli: najua "flashi kadi" inaleta watazamaji, na "soma dmesg" inawafukuza. Mimi pia nilikuwa nataka hizo namba. Lakini anayetazama mara nyingi si mse anayecheza na bodi chumbani kwake. Ni mwalimu, ni mhudumu wa zahanati, ni dada ameweka kamera dukani. Akifuata neno lako akapoteza kazi ya watu, wewe hutajua, kwa sababu wengi hawaandiki kama yule mwalimu alivyoandika.

Nilimtumia mwalimu chaja ya ampea 2.5 na waya wa nusu mita, na maktaba ikasogeza meza karibu na soketi. Leo ni wiki ya nne, modemu haijapotea, na namba inasoma 0x0. Insha hazijarudi. Wanafunzi wameanza kuandika nyingine, na wanakaribia mtihani.

Kwa hivyo kuanzia leo, ukinitumia ujumbe wa "bodi yangu haishiki mtandao," nitakuuliza vitu viwili kabla ya salamu: namba ni ngapi, na waya wako una urefu gani. Na kama umeshaizima ukaiwasha, pole. Subiri ipotee tena.