Uhusiano wa Umma si Albamu ya Picha za Viongozi

Fungua ukurasa wa mtandaoni wa taasisi ya umma hapa nchini, iwe wizara, halmashauri, mamlaka ya maji au chuo kikuu. Mara nyingi utakutana na mambo yaleyale: mkuu wa taasisi akipokea wageni, mkuu wa taasisi akikata utepe, mkuu wa taasisi akisikiliza maelezo kwa makini, na washiriki wa semina wakiwa katika picha ya pamoja. Kisha shuka chini, kwenye maoni ya wananchi. Mmoja anauliza maji yatarudi lini mtaani kwake. Mwingine anataka kujua kwa nini namba ya malipo aliyopewa inakataliwa na benki. Wa tatu anauliza majina ya waliopata mkopo wa masomo yatatoka lini. Juu kuna sherehe. Chini kuna maswali yasiyojibiwa, wiki baada ya wiki.

Hoja yangu katika makala hii ni kwamba taasisi zetu zimeingia katika blogu na mitandao ya kijamii kwa miguu yote miwili, lakini zimeacha masikio nyumbani. Zimedhani kwamba uhusiano wa umma ni kuonekana. Ukweli ni kwamba uhusiano wa umma ni kujibu, na gharama ya kutojibu hailipwi na afisa habari wala na bosi wake. Hulipwa na mwananchi, tena siku ambayo taarifa sahihi ingeweza kuokoa maisha yake.

Taaluma hii ina zaidi ya karne moja. Mojawapo ya matukio yanayotajwa sana katika historia yake ni ajali ya treni iliyotokea Oktoba 1906 karibu na Atlantic City, Marekani, ambapo zaidi ya watu 50 walikufa. Desturi ya makampuni ya reli wakati ule ilikuwa kuficha ajali kadiri ilivyowezekana. Ivy Lee, mshauri wa kampuni ya Pennsylvania Railroad, alishauri kinyume chake: kampuni itoe taarifa yenyewe, na waandishi wapelekwe kwenye eneo la ajali wakaone kwa macho yao. Simtaji Lee kama mtakatifu, maana baadaye alilaumiwa vikali kwa kuwatetea matajiri dhidi ya wafanyakazi wao. Namtaja kwa sababu alielewa mapema kwamba taasisi inayoaminika ni ile inayosema ukweli hata pale ukweli unapoiumiza.

Mwaka 1984 wanazuoni wawili wa Marekani, James Grunig na Todd Hunt, waliipanga kazi hii katika mitindo minne. Wa kwanza ni wa kutafuta kuonekana tu, hata kwa chumvi na mbwembwe. Wa pili ni wa kutoa taarifa bila kusubiri neno kutoka upande wa pili. Wa tatu husikiliza wananchi, lakini kwa lengo la kupata mbinu bora ya kuwashawishi. Wa nne ni mazungumzo ya kweli, ambapo taasisi iko tayari kubadilika kutokana na inachoambiwa. Ajabu ni kwamba mitandao ya kijamii ndiyo chombo kinachofaa zaidi kwa mtindo wa nne, nasi tunaitumia kwa mtindo wa kwanza.

Haikuwa lazima iwe hivi. Blogu za Kiswahili zilipoanza kushamiri katikati ya muongo wa 2000, zilianza kama uwanja wa watu kusemezana. Ndesanjo Macha aliandika blogu ya Jikomboe na kuwahimiza wengine waandike kwa lugha yao. Issa Michuzi alianzisha blogu yake mwaka 2005, na Watanzania wa ndani na nje ya nchi wakaifanya baraza lao. Mwaka uliofuata likaanzishwa jukwaa ambalo leo tunaliita JamiiForums. Katika miaka hiyo mwananchi wa kawaida aliweza kwa mara ya kwanza kumjibu kiongozi hadharani, bila kusubiri barua yake ichapwe gazetini.

Taasisi zilipogundua kwamba watu wako huko, zilikuja na desturi za zamani. Taarifa kwa vyombo vya habari zikawa zinatumwa kwenye blogu na kupachikwa kama zilivyo, pamoja na picha, bila msomaji kuambiwa kwamba anachosoma ni tangazo. Posho ya mwandishi nayo ikahamia mtandaoni. Kisha zikaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, zilizomtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi, shilingi 1,000,000 za leseni na shilingi 1,000,000 nyingine kila mwaka. Kanuni hizo zimebadilishwa tangu wakati huo, lakini athari ya mwanzo si ngumu kuielewa. Mwanafunzi anayeandika chumbani kwake hana fedha hizo. Anayezipata kwa urahisi ni mwenye matangazo, na mwenye matangazo mengi katika nchi yetu ni taasisi zilezile ambazo blogu ilipaswa kuzihoji.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo, kwamba picha za utepe hazimdhuru mtu. Nawakumbusha mwaka 2020. Mwaka ule zilitolewa takwimu zilizoonesha wagonjwa 509 wa UVIKO-19 na vifo 21. Baada ya hapo takwimu za nchi nzima hazikutolewa tena kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kurasa za taasisi hazikufungwa katika kipindi hicho. Picha ziliendelea kuwekwa. Kilichokosekana ni jibu la swali ambalo kila familia ilikuwa ikijiuliza. Pengo hilo likajazwa na sauti za WhatsApp zisizo na mwenyewe, kila moja na dawa yake na idadi yake ya maiti. Chanjo zilipofika mwaka 2021, wahudumu wa afya walitakiwa kuwashawishi watu ambao kwa miezi mingi walikuwa wamezoea kuamini sauti hizo kuliko ukurasa rasmi.

Majirani zetu wa Kenya walipata somo la aina nyingine Septemba 2013, magaidi walipovamia jengo la biashara la Westgate jijini Nairobi. Wakubwa wa serikali hawakunyamaza. Waliandika Twitter usiku na mchana. Walitangaza kwamba wamelidhibiti jengo wakati milio ya risasi ilikuwa bado inasikika, na maelezo ya mkubwa mmoja yalipishana na ya mwingine. Watu 67 waliuawa katika shambulio lile. Funzo lake ni kwamba wingi wa maneno si mawasiliano. Kama neno rasmi halilingani na kile mwananchi anachokiona kwa macho yake, kila ujumbe unaofuata hupunguza imani badala ya kuiongeza.

Na kuna shimo la tatu, lenye kina zaidi ya ukimya na kujichanganya: uongo wa kulipiwa. Kampuni ya Bell Pottinger ya London ilikuwa miongoni mwa majina makubwa ya uhusiano wa umma duniani. Ilipokubali kulitumikia kundi la biashara la familia ya Gupta nchini Afrika Kusini, ikahusishwa na kampeni ya mitandaoni iliyochochea chuki za rangi, ikisaidiwa na akaunti bandia. Septemba 2017 chama cha wanataaluma wa fani hiyo nchini Uingereza kiliifukuza uanachama, na kabla mwezi haujaisha kampuni ikawa imeanguka na kuwekwa chini ya wasimamizi. Nawaambia hili hasa vijana ambao leo wanalipwa fedha kidogo kusukuma alama ya reli ya mwanasiasa wasiyemjua. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kinachohitaji akaunti mia za bandia ili kipendwe, tayari kimeshajieleza.

Sasa niwatendee haki maafisa habari, kwa sababu wengi wao wamepita katika madarasa yetu na najua wanachokabiliana nacho. Tatizo lao kubwa si uvivu. Afisa wa Kitengo cha Mawasiliano Serikalini anaweza kuliona swali la mwananchi saa mbili asubuhi na kulijua jibu lake, lakini hana mamlaka ya kulitoa. Lazima amwone mkuu wa idara, naye amwone mkurugenzi, naye yuko safarini. Afisa akijibu na jibu likamkera mkubwa, ataandikiwa barua ya kujieleza. Akinyamaza, hakuna atakayemuuliza. Na mwisho wa mwaka anapimwa kwa idadi ya wafuasi na picha alizoweka. Katika mazingira hayo, kunyamaza ndilo chaguo la mtu mwenye akili timamu anayelinda ajira yake.

Wengine hudai kwamba wananchi hutukana, na serikali ina siri zake. Matusi yapo, lakini mara nyingi tusi ni swali lililochoka kusubiri. Kuhusu siri, sheria imeshatoa mwongozo. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha yake na masuala muhimu kwa jamii. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imetaja aina za taarifa zinazoweza kuzuiwa, na imeweka ukomo wa siku 30 kwa anayeombwa taarifa kujibu. Ratiba ya mgawo wa maji haimo katika siri hizo, wala sababu ya barabara kusimama nusu.

Ninapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa wafadhili. Kwanza, kila taasisi impe afisa habari mamlaka ya maandishi ya kujibu maswali ya kawaida bila kuomba kibali, na imlinde anapojibu kwa nia njema. Pili, apimwe kwa maswali aliyojibu na muda aliotumia, si kwa wafuasi. Tatu, taarifa kwa umma ziandikwe kwa maandishi halisi, tuachane na mtindo wa kupiga picha barua yenye mhuri na kuipachika. Picha hiyo haitafutiki mtandaoni, inakula bando la maskini, na mwananchi asiyeona hawezi kuisoma kwa programu ya kusoma maandishi kwa sauti. Nne, kila habari iliyolipiwa, kwenye blogu au kwenye akaunti ya mtu maarufu, itamke wazi kwamba imelipiwa na nani.

Kwa wanaharakati na wanafunzi nina ombi moja. Msiishie kulalamika chini ya picha. Ulizeni swali moja lililo wazi, lenye tarehe na mahali, mlihifadhi, na likipita mwezi bila jibu mlipeleke kwa maandishi kwa kutumia sheria niliyoitaja. Taasisi hujifunza kujibu pale inapobaini kwamba kuna mtu anayehesabu siku.

Na kwa wakuu wa taasisi: imani ya wananchi ni akiba inayowekwa kidogo kidogo, kwa majibu madogo, katika siku zisizo na msukosuko. Taasisi isiyojibu leo kuhusu bomba lililopasuka haitasikilizwa siku itakapotangaza kwamba maji yale yana vijidudu vya kipindupindu. Siku hiyo haitangoja picha ya pamoja ipigwe.