Mrashi Sio Chuma Chakavu

Kila wiki naona video ile ile. Mtu amefungua kabati ya bibi yake, ametoa kitu cha fedha kimeingia weusi, anauliza, "Hii naweza pata pesa ngapi?" Na kwa komenti jibu ni moja: pima gramu, peleka kwa sonara. Wasee, leo acha tukosane.

Anayenunua kwa mizani hanunui mrashi. Ananunua fedha ya kuyeyusha. Ile shingo ndefu, yale maua yaliyogongwa kwa mkono, kile kichwa chenye vitundu kilichorashia wageni marashi ya waridi harusi baada ya harusi, yote hayo yanalipwa sufuri. Kwani gari lako unaliuza kwa kilo?

Kwetu Lamu kulikuwa na mrashi. Mwaka niliojiunga na kidato cha kwanza, dalali alikuja na kamizani kake, akaupima hapo hapo mezani, akalipa, akaufunga kwa gazeti. Ada ikalipwa. Ada yangu. Kwa hivyo simlaumu bibi, na mtu asiniletee hiyo. Nalaumu ile bei, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu pale nyumbani aliyejua kuna bei nyingine.

Sasa mjanja ashaanza kuandika: si hata masonara wa zamani waliyeyusha? Ndiyo, bana. Waliyeyusha riale za Maria Theresa, zile zenye mwaka 1780. Huyo mama alitawala Austria, akafa mwaka huo huo, lakini sarafu yake ikaendelea kupigwa na tarehe ile ile kwa vizazi, sababu wafanyabiashara wa huku Bahari ya Hindi waliizoea na kuiamini. Gramu 28 na kitu, kila moja pacha wa mwenzake. Sonara akachukua vitu vinavyofanana akatoa mtali ambao haufanani na mwingine. Nyinyi mnachukua huo mtali mnaurudisha kuwa donge. Sio kitu kimoja.

Halafu kuna wale wa "hiyo ni hobi ya matajiri". Manze, anza na kijiko. Kwa mitumba ya vyombo utapata vya Kiingereza: ukiona simba anayetembea amegongwa nyuma, hiyo ni fedha halisi. Ukiona EPNS, ni aloi ya nikeli iliyopakwa fedha juu. Nunua ukipenda, lakini usilipie bei ya fedha. Na tafadhali, wacha stilwuli na dawa ya meno. Ule weusi ni fedha yenyewe imekutana na salfa, na kila ukisugua unaondoka na kazi ya sonara.

Na nyinyi mnaouzia wageni wa nje kwa inboksi, someni Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006. Kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 hakivuki mpaka bila kibali. Hata kikitoshea kwa mfuko wa jinzi.

Mrashi wetu ulikuwa na shingo iliyopinda kidogo kushoto, niliuangusha mimi nikiwa na miaka sita. Pengine uliyeyushwa siku ile ile. Lakini ukiuona mahali, usiusugue, nitumie picha tu.