Parseli ni ndogo, wanyama wapande juu

Leo nasema juu ya mbao na misumari.

Wahami waliotoka Eringeti, Mamove na Bulongo, pamoja na wale waliokimbia kusini mwa Lubero tangu 2024, wengi hawamo kambini. Wako kwa wenyeji, familia mbili ama tatu kwenye parseli moja. Shirika linakuja, linagawa sungura ama kobayi, linapiga picha, linakwenda. Usiku ukifika, mama aliyepewa wale wanyama anawaweka wapi? Chini ya kitanda cha watoto, ama jikoni pembeni ya moto. Baada ya miezi michache hakuna kitu, halafu tunasikia watu wakisema wahami wamekula msaada. Mimi naona tunawaonea. Mnyama anayelala chini anachukuliwa na mbwa, paka, nyoka, siafu na mwizi. Asipochukuliwa, anakufa kwa unyevu na ukurutu. Anayegawa mnyama bila kufikiri atalala wapi amegawa nusu tu.

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaofuga nyoka nyumbani kwa kupenda tu. Wengi wanafuga chatu wadogo wanaotoka Ghana, Togo na Benin. Najua kwetu nyoka ni wa kupigwa fimbo, lakini angalieni namna wanavyowapanga. Mtu ana chumba kimoja, anatengeneza rafu ya mbao, ndani yake anaingiza masanduku kama droo za meza, moja juu ya lingine. Ukutani penye upana wa mlango panakaa wanyama wengi, kila mmoja kwake, na droo inavutwa ili kusafishwa. Rafu ya namna hiyo inafaa kabisa kwa kobayi na sungura.

Nguzo nne zinatosha, za kalitusi ama mianzi minene. Kalitusi ni ngumu na inapasuka, kwa hiyo utoboe kwanza kabla ya kupiga msumari. Sanduku la chini likae sentimita 50 hivi kutoka ardhini. Kila mguu wa rafu usimame ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya moteri, siafu wasipande. Kwa kobayi, sanduku la mita 1 kwa sentimita 60, lenye urefu wa sentimita 35, linabeba dume mmoja na majike wanne, maana kobayi si mnyama wa kuruka. Sungura anataka urefu zaidi, sentimita 50, na kila jike akae peke yake. Sakafu ya sungura iwe ya fito zilizoachana kidogo, upana wa kidole cha mtoto, ili mavi yadondoke. Kobayi ana miguu midogo inayonasa kwenye fito, kwa hiyo mpe sakafu nzima na majani makavu ya kulalia.

Kitu ambacho wengi wanasahau ni manjanja kati ya ghorofa na ghorofa. Kipande cha manjanja ya zamani kinatosha, kiinamishwe kuelekea nyuma, mkojo wa wa juu usiwanyeshee wa chini. Nyuma weka bido iliyokatwa katikati. Mavi hayo yakikauka ni mbolea, na familia isiyokuwa na shamba inaweza kupanda lengalenga ndani ya magunia palepale uani.

Butembo ni juu sana na usiku ni baridi, kwa hiyo ziba pande tatu za rafu na uache mbele tu. Beni kuna joto: acha hewa ipite, tafuta kivuli. Pande zote mbili, rafu iegemee ukuta wa chumba unacholala, na iwe na kadena.

Masanduku yavutike kama droo, yasipigiliwe kwenye nguzo. Kusafisha kunakuwa rahisi, lakini kuna sababu nyingine ambayo kila mtu wa eneo la Beni anaielewa tangu Oktoba 2014. Saa ya kukimbia, hakuna anayebomoa kibanda. Sanduku lenye kamba mbili linafungwa nyuma ya pikipiki. Anayekimbia na jike watatu wenye mimba anafika anakokwenda akiwa na pa kuanzia.

Waanze na nani? Sungura anabeba mimba mwezi mmoja na anazaa wengi, lakini tumbo lake linaharibika upesi ukimpa majani yenye maji. Kobayi anabeba zaidi ya miezi miwili, anazaa wawili hadi wanne, na watoto wanazaliwa na manyoya, macho wazi. Mimi nasema kobayi kwanza. Wanaume watacheka kwamba huyo ni mnyama wa watoto. Wacheke, ada ya shule ikilipwa watanyamaza. Apewe majani mabichi kila siku, kwa sababu mwili wake haujitengenezei vitamini C: mabingobingo, majani ya matembele, maganda ya ndizi. Asipewe majani ya avoka wala ya viazi vya kizungu, yana sumu. Na dume abadilishwe na la jirani, ndugu wasizaane.

Nasikia wenye parseli wakisema hawataki harufu. Wana haki. Lakini harufu inatoka kwenye mkojo uliolowana na majani chini, na rafu inauondoa hapo. Mwenye parseli na mhami waandikiane mbele ya shefu wa selile: nani anafagia, rafu inasimama wapi, mbolea ni ya nani. Karatasi moja inazuia magomvi mengi. Butembo tuna Chuo Kikuu cha Graben chenye wanafunzi wa kilimo na wa utabibu wa mifugo. Kuwaonyesha mafundi wetu wa mbao mfano mmoja ulio mzuri si kazi kubwa kwao.

Kwa mashirika nina ombi jepesi. Badala ya kobayi kumi kwa familia, wapeni watano, na pesa zinazobaki ziwe mbao, misumari na kadena, rafu itengenezwe na fundi wa mtaa huohuo. Pia wapeni vipande vya mabingobingo vya kupanda kando ya uzio. Leo watoto ndio wanaotumwa kukata majani, na majani yaliyobaki yako pembeni ya mji, mahali ambapo wazazi wao wenyewe wanaogopa kwenda shambani.