Kikombe cha Sulisuli

Wiki jana mpwa wangu, fundi wa vyombo hapa Mnarani, alinijia baada ya alasiri na kikombe kizito cheng'avu mfano wa fedha. Ubavuni kimenakshiwa sulisuli akiruka juu ya maji, na mkono wake ni mkonga wa ndovu.

"Mjomba," akasema, "nimeagizwa arobaini kama hiki, zawadi za wageni wavuao kwa ndoana na wapendao mbuga. Watanywea pombe. Nifanye, nisifanye?"

Ada ya skuli ya wanawe yamngojea, nami nalijua hilo. Sikumjibu upesi.

Madini yale huitwa pyuta. Sehemu kubwa ni bati, likatiwa antimoni na shaba kidogo lipate kuwa gumu. Zamani lilitiwa risasi, nayo ni sumu. Vyombo vya kunywea vya siku hizi havitiwi. Huyeyuka kwa moto wa makaa tu, hivyo fundi mdogo aweza kulimimina katika kalibu uani kwake. Wala bati si geni kwetu: ndilo kalai waliyopaka mafundi ndani ya vyombo vya shaba, chakula kisidhurike.

Kwa madini, basi, hapana neno. Tulichokatazwa na Mtume (S.A.W.) ni kunywea vyombo vya dhahabu na vya fedha, na bati si fedha japo lafanana nayo.

Sura za wenye roho ni jambo jingine, na masheikh wana maneno yao. Waliochonga maandishi ya Kiarabu katika msikiti wa magofu yetu hapa, juu ya mkono wa bahari wa Kilifi, hawakuhitaji simba ili kazi ipendeze. Hata hivyo, msomaji, haki isemwe. Kabla ya uwindaji kupigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na biashara ya nyara mwaka 1978, mpenda pori aliweza kurudi kwao na mguu wa ndovu uliogeuzwa kiti. Leo akichukua ndovu wa bati, mwenye mguu wake yu hai Tsavo.

Kinachonikera mimi ni pombe. Nani aliyesema kwamba mtu akipenda bahari na msitu, lazima zawadi yake iwe ya ulevi? Atokaye Arabuko-Sokoke asubuhi kutazama ndege, koo limemkauka, ataka kahawa au dafu.

Nikamwambia, "Kataa vikombe hivi, usikatae kazi. Mfanyie dele na vikombe vya kahawa."

Kijana akacheka. "Mjomba, dele la bati juu ya makaa litayeyuka! Na kikombe cha bati chenye kahawa ya moto kitamchoma midomo."

Nilitahayari. Ndiyo shida ya sisi watu wa kalamu kufundisha mafundi. Mwisho tukaafikiana: jagi na bilauri za maji na sharubati, nakshi zake magamba ya samaki, mawimbi na makuti ya mnazi. Bei ile ile, uzito ule ule.

Amempelekea mteja michoro, na jibu halijaja. Kikombe cha sulisuli kaniachia mimi. Kipo mezani hapa niandikapo, nimekitia kalamu.