Bodaboda wa Nyakahura na Bosi wa Pili

Kwetu Nyakahura, wilayani Biharamulo, kuchangia usafiri si jambo geni: abiria wasiofahamiana hujazana katika gari dogo kuelekea Lusahunga, na kijana wa bodaboda huitwa kwa simu. Walichoongeza wenye programu za usafiri mijini ni mtu wa kati.

Mwaka 2022 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) iliweka ukomo wa kamisheni ya kampuni hizo kuwa asilimia 15. Aprili, Uber ikasitisha huduma zake nchini. Ikarejea mwaka 2023, baada ya ukomo kupandishwa hadi asilimia 25. Maana yake, katika nauli ya shilingi 4,000, kampuni yaweza kuchukua 1,000. Kijana mwenye pikipiki ya mkataba bado anadaiwa mafuta na hesabu ya kila siku. Huyo ana mabosi wawili.

Sipingi teknolojia. Nasema waendesha bodaboda waungane sasa katika ushirika, waimiliki programu wenyewe. Wakulima wa kahawa wa Kagera walikwisha kujifunza kuuza kwa umoja. Nauli nayo ni zao. Asiyepanga bei ya jasho lake, hupangiwa.