Jide ni wa kwetu, na binti huyu pia

Hapa Mhunze, Kishapu, nashona nguo, na redio yangu haizimwi mpaka nifunge duka. Ukipigwa wimbo wa Lady Jaydee, Jide wetu, nawaambia wateja: huyu kazaliwa Shinyanga hii hii. Wengi hushangaa. Almasi ya Mwadui kila mtoto wa Kishapu anaijua. Lakini Jide, jina lake halisi Judith Wambura, mzaliwa wa 1979, hawajui kuwa ni wa mkoa wao.

Alianza wakati Bongo Fleva ilikuwa ya wavulana wa kufokafoka. Yeye akaimba, na nyimbo zake nyingi akatunga mwenyewe. Zikaja albamu: Machozi, Binti, Moto, Shukrani. Akaunda Machozi Band, wanamuziki wakapiga vyombo jukwaani wakati wenzake wengi waliridhika na sidii. Mwaka 2016 akatoa wimbo Ndi Ndi Ndi, na watoto waliozaliwa yeye akiwa tayari na jina wakaicheza.

Hapa dukani kwangu pia, binti ninayemfundisha cherehani huandika mashairi nyuma ya daftari la vipimo, karatasi ileile yenye viuno na mabega ya wateja. Sauti anayo, na tuni anazitunga mwenyewe. Baba yake anauita uhuni.

Mzee wangu, hiyo ni kazi, na ina jasho kama pamba. Mwacheni atunge. Nanyi maafisa utamaduni wa wilaya, wekeni shindano la watunzi siku ya mnada, mtuletee na mtu wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, awafundishe vijana kusajili nyimbo zao kabla hazijaibwa.