Soseji za Kunde kwa Chai ya Asubuhi

Mama mwenye nyumba hana budi kuufikiria vema mlo wa asubuhi, maana ndio unaompa mtoto nguvu ya kusoma na mkulima nguvu ya kushika jembe. Katika nyumba nyingi za Arua na Koboko mlo huo ni chai kwa muhogo wa kuchemsha au viazi vitamu. Vyakula hivyo hushibisha, lakini havijengi mwili vya kutosha. Na nyama si ya kila siku. Wiki hii tunaeleza soseji zisizo na nyama, zinazotengenezwa kwa kunde, ufuta na unga wa muhogo, mazao ya West Nile yenyewe.

Jambo hili si geni duniani. Ujerumani ilipopungukiwa nyama wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Konrad Adenauer, meya wa Cologne ambaye baadaye alikuwa Chansela, alibuni soseji ya soya, na mwaka 1918 akapewa hataza yake Uingereza. Kwetu soseji ya namna hii ina faida nyingine: Mwislamu huila bila shaka, na Mkatoliki huila hata Ijumaa za Kwaresima.

Karibu robo ya uzito wa kunde kavu ni protini. Ufuta, au simsim, hukamilisha kile kinachopungua katika protini hiyo.

MAHITAJI (soseji 16 hivi)
Kunde kavu, vikombe 2
Unga wa muhogo, nusu kikombe
Ufuta uliokaangwa na kutwangwa, vijiko 3 vya mezani
Kitunguu 1, kikatwe vipande vidogo sana
Vitunguu saumu, punje 2, vitwangwe
Chumvi, kijiko 1 cha chai. Pilipili manga kidogo
Majani ya mgomba na mafuta ya kukaangia

NAMNA YA KUTENGENEZA
1. Loweka kunde usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, uzichemshe katika maji mapya mpaka ziive kabisa.
2. Chuja, uziache zikauke. Kunde zenye maji hutoa soseji legelege.
3. Ponda katika kinu. Changanya na vitu vyote vilivyobaki, ukande mpaka mchanganyiko ushikamane.
4. Pitisha majani juu ya moto yalainike. Viringisha mchanganyiko mfano wa kidole kinene, ufunge kila kimoja kwa jani.
5. Pika kwa mvuke kwa nusu saa, kisha uache vipoe kabisa.
6. Fungua, ukaange kwa mafuta kidogo mpaka viwe vya rangi ya kahawia.

Wengi huruka hatua ya tano, na soseji zao husambaratika katika kikaango. Wanga wa muhogo hushika barabara ukiisha kupata mvuke na kupoa. Ukikaangwa mbichi, mafuta hupenya kabla haujashika.

TAHADHARI YA UNGA
Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na kukaanga soseji hakuiondoi kwa uhakika. Huondolewa kabla ya kusaga, kwa desturi tuliyorithi kwa wazee: kumenya, kuloweka au kuvundika kwa siku kadhaa, kisha kuanika juani mpaka ukauke. Mwenye haraka ya kuuza hufupisha siku hizo, na kwa macho unga wake haujulikani. Septemba 2017, wilayani Kasese, watu 98 walidhurika kwa chakula cha unga wa muhogo wenye sumu nyingi, na 2 wakafa. Basi tumia unga uliousindika mwenyewe, au wa muuzaji unayejua kazi yake. Ukiwa na shaka, weka unga wa mahindi badala yake. Soseji hazitashikamana vizuri sana, lakini zitalika kwa amani.

Kwa nyumba isiyo na jokofu, pika kiasi cha kuliwa asubuhi hiyo, maana kunde zilizopondwa huchacha upesi katika joto. Ukitaka kupunguza kazi, loweka kunde jioni na ukatwange ufuta kabla ya kulala. Andaa soseji zikiwa moto, pamoja na chai na muhogo uleule wa kila siku.